Naambiwa leza inayeyusha nyama uzembe bila kisu. Kuna aliyefanya kweli?

MamaMikate

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa iliyobaki, maana nyingine nimeshatoa.

Nina miaka 39, niko Mwanza, naoka mikate na maandazi ya jumla. Naamka saa 9 usiku, nakanda unga kwa mikono hii, mfuko wa kilo 25 kila siku, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nifanye mazoezi. Watoto wawili, wote kwa operesheni, wa mwisho ana miaka 6. Tangu yule wa mwisho tumbo halijarudi. Mama mkwe alinifunga mkaja siku arobaini, kanga mbili zimekunjwa, anakaza mpaka napumulia mabega, akasema litarudi lenyewe. Basi sijui lilipotelea njia gani. Mwezi uliopita kwenye daladala mzee mmoja kasimama, kanipisha kiti: "Kaa mwanangu, kwa hali yako." Nikakaa, ningefanyaje? Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Mdogo wangu anaishi Dar. Nilipoenda kununua trei za kuokea akanipeleka kliniki moja ya urembo, jina naliacha. Iko ghorofa ya pili, chini kuna duka la vitenge. Ndani kuzuri, kiyoyozi, maji ya kunywa yana vipande vya tango. Binti mwenye koti jeupe akanilaza, akanichora tumbo kwa kalamu ya kijani kama fundi cherehani, akasema tumbo na mbavu zote mbili ni milioni 1.8. Maelezo yake ni kwamba hii si ile ya kizamani ya kunyonya na bomba, hii ni leza. Wanatoboa vitundu kama vya pini, wanapitisha uzi wa mwanga, mafuta yanayeyuka kama siagi (hapo alinipata, siagi naijua), mengine yanavutwa na mengine "utayakojoa". Ngozi inajikaza yenyewe. Nusu kaputi hakuna, ni sindano ya ganzi tu. Dakika 45, umeamka, umeondoka.

Nikamuuliza hatari zake ni zipi. Akaniangalia kama nimeuliza hatari za kunywa chai. "Mama, ni leza. Marekani imepitishwa tangu 2006."

Mpango wangu: Jumamosi ya wiki ijayo saa 4 asubuhi naingia, saa 12 jioni napanda basi la Mwanza, Jumatatu nina oda ya shule, mikate 300. Nimeacha advansi laki 3.

Kwa wanaojua: uzito wangu kilo 84, urefu sentimita 160, presha sina, sukari sina. Natumia vidonge vya majira. Hayo yote nayaandika hapa kwa sababu kule sikuulizwa hata moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Je, leza ni salama kuliko kunyonya kwa kawaida? Inauma? Na tumbo likiondoka, linarudi?

Kidevu

Mama, mimi kitambi changu nimekilea miaka 20 kwa chipsi mayai, milioni 1.8 nakiongezea. Utani tu. Nitakaa hapa nisome, mke wangu naye ameanza kunionyesha picha za "kabla na baada" kwenye simu.

ShangaziWaLikoni

Mwenzangu, mimi nimefanya. Niko Mombasa ila nilifanyia Nairobi, mwaka wa nne huu. Tumbo la chini na mikono hapa juu, zile nyama zinazopunga ukipunga. Kliniki siitaji, tulishamalizana.

Nikueleze ilivyo, maana kwenye matangazo wanakuonyesha mwanamke anatabasamu tu.

Kwanza maji. Kabla ya leza yenyewe wanakujaza maji ya ganzi chini ya ngozi, mengi, wallahi tumbo langu liligeuka ngoma. Huo ndio uchungu wenyewe, kila sindano inapohama unahisi kama siafu. Halafu ubaridi, unatetemeka, maana dripu haikupashwa moto. Kisha taa wakazipunguza, na hapo nikaona kitu sijakisahau: nukta nyekundu inatembea chini ya ngozi yangu, mbele, nyuma, kama mtu anatafuta kitu chini ya shuka na tochi. Unaambiwa ile nyekundu ni ya kumwonyesha daktari ncha iko wapi, leza inayochoma yenyewe haionekani. Na ilikuwa na sauti, tak-tak-tak, kama mafuta yanayoanza kupata moto kabla hujatia viazi.

Mikono ilitoka vizuri. Nasema ukweli, leo navaa dera la mikono mifupi bila mtandio.

Tumbo ndilo lina kisa. Karibu na mwisho simu ya daktari ikalia. Hakuipokea, lakini aligeuka kumwambia nesi aizime. Ile nukta ilisimama. Sekunde ngapi sijui, mbili, tatu. Ndani nikahisi moto umepenya ganzi, nikasema "hapo kunachoma", akasema ni kawaida, akaendelea. Siku ya tatu pakatoka lengelenge chini ya kitovu. Siku ya saba ngozi imekuwa nyeusi, kavu, kama ukoko wa wali. Wiki tano nasafishwa kidonda. Nimebaki na kovu la ukubwa wa shilingi ishirini, katikati jeupe, pembeni jeusi tititi. Shoga, sisi ngozi zetu hazisahau.

Na upande wa kulia maji yalijikusanya ndani, ukibonyeza yanacheza. Yakavutwa kwa sindano mara mbili. Ule mkanda wa kubana nilivaa wiki sita, Mombasa, mwezi wa pili. Fikiria joto. Siku mbili za kwanza vitundu vinavuja maji ya waridi mpaka godoro, tandika nailoni mapema.

Ungeniuliza ningerudia? Mikono ndiyo. Tumbo hapana. Na ile habari ya basi jioni hiyo hiyo, mwenzangu, mimi sikuweza hata kuinama kuvaa viatu.

NesiWaZamu

Dada MamaMikate, mimi ni nesi wa usingizi, mwaka wa 11 huu theta, yaani chumba cha upasuaji. Silazi watu wa urembo kila siku, lakini ganzi ni ganzi, na nilipofika kwenye "saa 12 jioni napanda basi" nikaweka chai chini. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Anza na neno lenyewe. Mjini "leza ya mafuta" ni vitu viwili tofauti kabisa vinavyouzwa kwa jina moja. Kuna zile bapa zinazofungwa juu ya tumbo kwa mkanda, zinawaka taa nyekundu, unalala nazo unachezea simu. Hiyo haitoboi kitu, na hatari yake kubwa iko kwenye pochi yako. Kuna hii uliyoelezwa wewe na aliyofanyiwa Shangazi: uzi mwembamba, pengine nusu milimita na ushei, unaingia ndani ya mwili kupitia mrija. Huo ni upasuaji. Kitundu kuwa kidogo hakuubadilishi kuwa saluni. Na kupitishwa Marekani 2006 ni kweli, ila kilichopitishwa kule ni mashine. Aliyeishika hajapitishwa na FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba.

Je, ni salama kuliko ya kawaida? Wanaouza wanasema leza inaziba mishipa midogo kwa hiyo damu ni kidogo na ngozi inakaza. Kuna ukweli ndani yake. Lakini jaribio lililochapishwa 2006 lililinganisha njia mbili kwa wagonjwa 25, mtu yule yule, upande mmoja leza na upande wa pili kunyonya kwa kawaida, na tofauti kubwa ya matokeo haikuonekana. Ambacho leza imeongeza kwa hakika ni moto. Ndani huko mafundi wanatafuta nyuzi 48 hadi 50 ili ngozi ikaze, na juu ya ngozi hawataki ivuke 40 na kidogo. Nafasi ya makosa ni hiyo. Ndiyo maana fundi mzuri ana kipimajoto mkononi na ncha haisimami hata sekunde moja. Yaliyompata Shangazi ndiyo hayo, ncha ilisimama. Pole sana mama yangu.

Na mafuta hayakojolewi. Yakishapasuka yanapita kwenye damu, yanakwenda ini. Aliyekuambia utayakojoa hajui, au anajua.

Sasa nije kwenye kinachonitisha mimi, nacho si leza. Ni yale maji.

Yale maji ya ganzi yalibuniwa na daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, aliyeyaandika 1987. Lita moja ya maji ya chumvi ya dripu, ndani unaweka lignokeni (ndiyo dawa yenyewe ya ganzi), adrenalini ya kubana mishipa, na magadi kidogo ili isiwashe. Ni jambo zuri kweli, lilifanya kazi hii iwezekane bila nusu kaputi. Mwaka 2002 madaktari wa ngozi wa Marekani walihesabu kazi 66,570 za namna hiyo na hawakupata kifo hata kimoja. Kabla yake, mwaka 2000, zilihesabiwa za madaktari bingwa wa upasuaji wa urembo, karibu laki 5, wakakuta vifo 95, yaani kama mmoja kwa kila watu 5,000, na muuaji wa kwanza alikuwa bonge la damu kwenye mapafu. Hizo zote hazikuwa na leza. Kwa hiyo kinachoamua ni kiasi gani kimetolewa, dawa ipi imetumika, na nani amekaa nawe baadaye.

Lignokeni ya sindano ya kawaida, ikiwa na adrenalini, tunaishia miligramu 7 kwa kilo. Kwenye maji ya Klein, kwa sababu imezimuliwa sana na inanyonywa polepole, kiwango alichokiandika yeye ni 35 kwa kilo, na wapo wanaofika 55. Kwa kilo zako 84, hesabu ya 35 ni miligramu 2,940. Lita moja ikiwa na 500, una lita karibu sita. Mtu akikoroga yenye 1,000 kwa lita kwa sababu hataki ulalamike maumivu, umefika mwisho kabla ya lita ya tatu kuisha. Tumbo na mbavu zote mbili zinakula lita ngapi? Hapo ndipo umuulize yule binti, na usikubali jibu lisilo na namba.

Na dawa hiyo haifiki kileleni kwenye damu ukiwa mezani. Inachukua saa nyingi, mara nyingi kama 12. Ukiingia saa 4 asubuhi, kilele ni saa 4 usiku. Saa 4 usiku wewe uko ndani ya basi, pale stendi ya Msamvu, Morogoro, watu wananunua mishikaki. Dalili zinaanza kwa ulimi na midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio yanalia, unaongea kama umelewa. Abiria wa pembeni ataona mama amechoka. Kinachofuata ni degedege, na baada ya degedege moyo. Tiba yake ipo, ni dripu ya mafuta, ile nyeupe kama maziwa, ya asilimia 20. Kwenye basi haipo. Nina wasiwasi hata hapo ghorofa ya pili haipo.

Tena dawa kama erythromycin na vidonge vya fangasi vya ketokonazo vinalizuia ini kuivunja lignokeni. Usipoulizwa unatumia nini, huyo mtu hajui kiwango chako ni kipi. Vidonge vya majira navyo, vyenye estrojeni, vinaongeza damu kuganda. Changanya vidonge, upasuaji, na kukaa umekunja miguu kutoka Dar mpaka Mwanza. Mimi ningekushusha basi hilo kwa mikono.

Kitu kimoja cha mwisho, na ukifanye leo kabla hujalala. Umezaa kwa operesheni mara mbili na unanyanyua mifuko ya unga. Lala chali, kunja magoti, weka vidole vya mkono juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa kama unataka kuona vidole vya miguu. Vidole vya mkono vinagota kwenye nyama ngumu au vinazama? Halafu simama, kohoa, angalia kitovu. Urudi unijibu.

Kidevu

Nimefanya na mimi. Vimezama lakini ni kwenye chipsi.

BabaShedrack

Nesi usimtishe dada wa watu. Shemeji yangu kafanyiwa Dubai, leza hiyo hiyo, siku ya pili yuko dukani anachagua mapazia. Leo ana kiuno cha nyigu. Kila kitu Tanzania ni hatari, wenzetu wanasonga.

NesiWaZamu

Hongera kwa shemeji, sina kijicho. Ila muulize: alipimwa damu kabla? Alilala pale au aliangaliwa mpaka saa ngapi? Alipewa namba ya kupiga usiku? Nina uhakika atakujibu ndiyo kwa yote matatu. Hata hapa kwetu ipo ya namna hiyo. Hospitali ya Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi, na wapo madaktari bingwa binafsi ambao majina yao yamo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Sijamwambia dada asifanye. Nimemwambia asipande basi.

ShangaziWaLikoni

Na huku Nairobi Oktoba 2024 mama mmoja alifariki baada ya kufyonzwa mafuta, baraza la madaktari likakifunga kituo. Tangu siku ile mwanangu wa kike akiniona natazama kioo ananiuliza, "Mama, unawaza nini?"

MamaMikate

Nimerudi. Jana usiku nimefanya ile ya kulala chali. Mume wangu kashika tochi ya simu, anauliza "tunatafuta nini?" Nikainua kichwa. Nesi, vidole vitatu vimezama. Vimezama kama kwenye kinyunya kilichoumuka, na pembeni nahisi kingo mbili. Halafu katikati ya tumbo palisimama mgongo mrefu, kama samaki anageuka chini ya maji. Mume wangu akasema "eh!" akarudisha tochi mfukoni ikiwa inawaka.

Nikasimama nikakohoa. Kitovu kimetokeza, kama kokwa la zambarau. Kwa kweli kile nilikuwa nakiona siku nyingi, nikikanda kinatoka, nikipumzika kinarudi. Nilidhani kitovu nacho kinazeeka.

Asubuhi nikapiga kliniki. Kapokea binti yule yule. Nikamwuliza lignokeni miligramu ngapi kwa lita. Kimya. Akasema "Mama hiyo ni fomula yetu ya ndani." Kama mapishi ya keki! Nikamwuliza dripu nyeupe ya mafuta mnayo? Akasema lishe hawatoi. Nikamwuliza oksijeni. Ipo, ila mtungi uko tawi lao lingine, wanaufuata ikihitajika. Nikamwuliza anayeshika leza ni nani, jina lake nilitafute. Akasema daktari wao yuko safarini, ila yeye mwenyewe amesomea wiki mbili na ana cheti.

Nesi, hiki cha kitovu ni nini? Nimeogopa sasa.

NesiWaZamu

Usiogope dada, ila usikanyage kule. Hiyo ya vidole kuzama ni misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba na haikurudi kukutana. Kitovu kinachotoka ukikohoa, mpaka mwenzangu daktari akupime, naomba tukiite ngiri. Mfuko wako wa unga kilo 25 haukusaidia.

Sasa ona. Kwenye ngiri kuna tundu kwenye ukuta wa tumbo, na kinachochungulia pale kinaweza kuwa mafuta ya ndani, kinaweza kuwa utumbo. Yule binti angepitisha mrija wa chuma mbele na nyuma, gizani, pale pale. Mrija haujui hili ni nyama uzembe na huu ni utumbo. Ukitoboka mezani husikii, una ganzi. Siku ya pili tumbo gumu, homa, na wao watakuambia ni kawaida, vaa mkanda. Kutoboa utumbo ni moja ya njia ambazo kazi hii inaua, na mtu mwenye ngiri ambaye hakupimwa ndiye wa kwanza kwenye mstari.

Tena hata wasingekutoboa, wangekutoa lita mbili za mafuta na tumbo lingebaki limetokeza, maana sehemu kubwa ya lile "tumbo" ni misuli iliyofunguka kama mlango. Leza haifungi mlango. Bana kwa vidole: kinachobanika ndicho cha kunyonya. Kisichobanika kiko nyuma ya misuli au ni misuli yenyewe, hakuna mrija unaokifikia.

Nenda ukapige altrasaundi ya ukuta wa tumbo. Ikiuma ghafla, ikawa ngumu na haitaki kurudi ndani, au ukatapika, usisubiri kukuche.

BabaShedrack

Haya, nakubali hapo. Shemeji amesema alilala pale usiku mmoja na walimkatalia kupanda ndege kwa siku kumi. Sikujua.

MamaMikate

Wapendwa, wiki tatu zimepita, naleta majibu kwa sababu nachukia watu wanaouliza kisha wanapotea.

Nimepimwa hapa hapa Mwanza. Altrasaundi ni laki kasoro, nimelalamika, nimelipa. Ni ngiri ya kitovu, tundu lina sentimita 2, kinachochungulia ni mafuta ya ndani, utumbo bado haujaingia. Misuli imeachana sentimita 4 na nusu. Daktari wa upasuaji ni mzee mmoja mpole, ana miwani imefungwa kwa uzi. Alinibonyeza tumbo akaniambia nikohoe, nikakohoa, akasema "ahaa" kama mtu aliyemwona jirani yake. Nikamweleza habari ya leza. Akavua miwani. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza, "Walikugusa kitovu?" Nikasema walikichora na kalamu ya kijani. Akasema ashukuriwe Mungu kwa kalamu.

Nitafanyiwa ya ngiri mwezi wa sita, shule zikifunga, oda zinapungua. Misuli watajaribu kuivuta siku hiyo hiyo. Amenipa masharti: kwanza nipungue kilo 6 au 7, niache vidonge vya majira mapema nitumie njia nyingine, na unga nisiguse. Hilo ndilo gumu. Nimeajiri kijana wa kukanda. Ana nguvu lakini hana mkono, mikate ya wiki ya kwanza ilikuwa matofali, shule ikarudisha 40. Sasa nimemkalia kwenye kigoda pembeni, namwambia "kunja, sukuma, geuza", na yeye anakunja. Mama mkwe kaja kutuona, kaangalia kitovu changu, akasema mkaja ungekazwa zaidi.

Mafuta ya mbavuni bado nayataka yaondoke, sitadanganya. Nimemwuliza yule mzee, akasema ngiri ikipona, mwaka ukipita, atanielekeza kwa mtu wa kazi hiyo, na yeye atachagua kama ni leza au bomba la kawaida, nisimchagulie.

Kuhusu laki 3 yangu: kliniki wamegoma kurudisha, wanasema advansi hairudi. Baada ya mdogo wangu kwenda mara nne wamempa karatasi ya feshio tatu (kusafishwa uso), na mwisho wake ni Desemba. Kama kuna mtu Dar anataka feshio, aniandikie pembeni. Kidevu, na wewe unaruhusiwa.